Nilisikia kikohozi cha mdogo wangu, mahakamani nikasema nilimwona

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nafanya biashara ya dagaa huku Kanda ya Ziwa. Naomba usitaje wilaya yangu, maana habari hii kwetu hata mtoto wa darasa la tatu anaijua.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata ziwa, yuko gerezani. Amehukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa kumuua jirani yetu mwaka 2021. Na mimi, dada yake, nilikuwa shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka.

Usiku ule mvua ya vuli ilikuwa inapiga bati na umeme ulikatika tangu jioni. Mume wangu alikuwa safarini. Mdogo wangu alikuwa analala chumba cha uani. Kama saa nane za usiku nikasikia geti linaburuzwa, mtu akakohoa, halafu maji yakawa yanachotwa kwenye pipa, muda mrefu, kama mtu ananawa. Kikohozi kile nakijua. Tangu akiwa mdogo kifua kinambana wakati wa mvua, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni kumpeleka zahanati. Nikageukia ukutani nikalala. Dirisha sikufungua.

Asubuhi tukaamshwa na kilio. Mama Neema (nimembadili jina) alimkuta mumewe kwenye njia ya nyuma, amekatwa mapanga.

Shangazi, nilikuwa na hasira na mdogo wangu. Alikuwa ameanza kunywa, aliuza mbuzi wawili wa mama bila kuomba, na wiki hiyo hiyo alikuwa amegombana na marehemu mbele za watu kwa ajili ya deni la nyavu. Polisi walipokuja, aliyeniandika akaniuliza, "Ulimwona?" Mimi nikajibu, "Ndiyo, nilimwona ananawa mikono kwenye pipa." Hakuna aliyenitisha. Nilisema hivyo kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshamaliza kwamba ni yeye.

Mahakamani nikarudia yale yale. Wakili wa mdogo wangu akaniuliza kulikuwa na mwanga gani. Nikajibu, mbalamwezi. Shangazi, mvua ilikuwa inanyesha.

Hukumu ilitoka mwaka 2024. Jaji alitaja mambo matatu: ushahidi wangu, simu ya marehemu iliyokutwa kwenye begi la mdogo wangu, na maelezo aliyoandikisha mdogo wangu kituoni polisi, ambayo mahakamani aliyakana. Kuhusu mimi alisema kwamba shahidi ni dada wa damu wa mshtakiwa, hana sababu yoyote ya kumsingizia. Maneno hayo yananiamsha usiku.

Amekata rufaa. Tumeambiwa itasikilizwa kikao kijacho cha Mahakama ya Rufani. Mama anataka niape hati ya kiapo kwamba polisi walinitisha kuniweka ndani nisipomtaja. Anasema nikiapa hivyo atatoka siku hiyo hiyo. Baba mdogo anachangisha milioni nne za kumpa mtu anayedai anaweza "kuongea na wakubwa". Ukoo umeniambia nisipoapa nisikanyage msiba wowote wa kwetu. Mume wangu anasema nikifungua mdomo nitafungwa mimi, na watoto wetu wabaki wanalelewa na nani?

Na yupo Mama Neema. Ni rafiki yangu. Tuko naye VICOBA kikundi kimoja, mwanawe na wangu wanakaa dawati moja. Siku ya hukumu alinikumbatia akaniambia, "Umenisaidia kupata haki ya mume wangu." Nikalia naye.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili: sijui kama mdogo wangu aliua. Siku nyingine naamka nina uhakika ni yeye. Siku nyingine nawaza, kila mtu anakohoa wakati wa mvua. Sijaenda kumtazama gerezani tangu ahukumiwe. Mama alirudi na ujumbe wake: "Mwambieni dada aje tu, hata tusipoongea."

Ni mimi niliyemfunga kitanzi ndugu yangu. Nifanye nini, Shangazi?

Dada wa Kanda ya Ziwa

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili jana na mara moja tena alfajiri ya leo kabla ya kukaa kukuandikia. Mimi si wakili. Kwa hiyo mambo ya sheria nimemuuliza wakili ninayemwamini, nisije nikakuongezea mzigo kwa kubahatisha.

Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwamba ni wewe uliyemfunga kitanzi. Nakuomba tuiangalie pamoja, maana naona umeibeba kama jambo lililokwisha kuamuliwa, kama ulivyobeba lile la kikohozi. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba jaji alitaja mambo matatu. Simu hukuiweka wewe kwenye begi. Maelezo ya polisi hukuyaandika wewe. Na adhabu ya kunyongwa haikutokana na ukali wa jaji wala na maneno yako: kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atanyongwa, jaji hana nafasi ya kuchagua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilisema Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Pamoja na hayo, sheria yenyewe bado haijamruhusu jaji kuchagua.

Sisemi haya ili nikuoshe. Ulisema uliona kitu ambacho hukukiona, ukaongeza na mbalamwezi. Hilo ni lako. Lakini kubeba sehemu yako ni kazi tosha, usibebe na ya wengine.

Najua pia unachokiogopa usiku. Tangu mwaka 1994 hakuna mtu aliyenyongwa Tanzania. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hawezi kusaini hati za watu kunyongwa. Na ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kuibadili adhabu. Kwa hiyo usikae ukihesabu siku kana kwamba kesho asubuhi atatolewa. Kukaa miaka chini ya hukumu ile ni mateso ya namna yake, sitakuficha hilo, ila muda wa kufikiri unao.

Sasa, rufaa. Nadhani nyumbani kwenu inazungumzwa kama kesi mpya ambayo wewe ndiwe ufunguo wake. Sivyo inavyokwenda. Majaji watatu wa rufani hukaa na kumbukumbu za kesi yote, kila swali na kila jibu, wakazipima upya. Kwa kuwa ndugu yako alihukumiwa na Mahakama Kuu, hii ni rufaa yake ya kwanza, na majaji wana uwezo wa kuuchambua ushahidi wenyewe na kufikia uamuzi wao. Mashahidi kwa kawaida hawaitwi. Wewe hutakuwapo kizimbani, ila maneno yako yatakuwapo.

Na kuna mengi watakayoyatazama ambayo hayana uhusiano na wewe. Yale maelezo ya polisi: alihojiwa ndani ya saa nne za kukamatwa kama sheria inavyotaka, au muda uliongezwa kihalali? Yalipopokelewa kama kielelezo, yalisomwa kwa sauti mahakamani? Utashangaa ni mara ngapi Mahakama ya Rufani imeiondoa kabisa hati kwenye kumbukumbu kwa sababu tu haikusomwa mbele ya mshtakiwa. Ile simu: nani aliikamata, ikapita mikononi mwa nani hadi kufika mahakamani? Na hata ushahidi wako wenyewe, kama ulivyo, wakili mzuri ataushika. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, mahakama zetu zinatakiwa kuwa waangalifu sana na shahidi anayesema alimtambua mtu usiku: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwaje, alimtazama kwa muda gani. Kama kuna shahidi mwingine aliyesema usiku ule mvua ilinyesha, mbalamwezi yako inaweza kuzimika bila wewe kusema neno.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu ukoo umekuweka mahali ambapo ndugu yako ataishi au atakufa kwa kiapo chako. Inawezekana akatoka bila wewe. Inawezekana ukasema kila kitu na rufaa ikatupwa kwa sababu ya simu na maelezo. Yote mawili yanawezekana, nami siwezi kukwambia lipi.

Hati anayoitaka mama. Namwelewa mama yako. Mzazi akiona mtoto anazama atamrushia hata kamba iliyooza. Lakini wewe umeniambia kwa kalamu yako: hakuna aliyenitisha. Ukiapa kwamba ulitishwa, utakuwa umeponya uongo kwa uongo, na huu wa pili una jina la askari ndani yake, ambaye ataulizwa na atajibu. Majaji pia si wageni wa mambo haya. Ndugu anayegeuka baada ya hukumu, tena kwa hadithi iliyokuja siku chache kabla ya rufaa, husomwa kwa shaka kubwa. Unaweza kujikuta umeharibu hata lile la kweli ulilokuwa nalo. Na lile la "atatoka siku hiyo hiyo" si kweli hata kidogo. Majaji wakikubali rufaa wanaweza kumwachia, au kupunguza kosa liwe kuua bila kukusudia, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Hilo la mwisho likitokea, mwanangu, utarudi kizimbani, na Mama Neema atakuwa amekaa benchi lile lile.

Baba mdogo naye azuiwe mapema. Huyo wa milioni nne ni kishoka, yaani tapeli tu. Katika rufaa ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa, mahakama humpangia wakili ikiwa hana uwezo, bila familia kulipa. Kama mnazo fedha za kumwongezea wakili mwingine, mlipeni kwa risiti. Kumpa mtu fedha "aongee na wakubwa" ni rushwa, na atakayesimama kujibu ni baba mdogo, si yule mtu.

Kuna njia ya kusema kile hasa kilichotokea: nilisikia kikohozi, nilisikia maji, sikuona mtu. Hii ni tofauti kabisa na anachokitaka mama, ingawa kwa mbali zinafanana. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinawaruhusu majaji, wakiona sababu ya kutosha, kupokea ushahidi wa ziada au kuagiza Mahakama Kuu iuchukue. Ni hiari yao, na hawaitumii ovyo. Watauliza kwa nini hukuyasema wakati ule. Jibu lako la kweli, kwamba ulikuwa na hasira na ulikuwa umeshaamini ni yeye, ni jibu la kuaibisha, lakini angalau ni lako.

Hatari yake mume wako ameiona, nami simcheki. Kusema uongo ukiwa umeapa ni jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Kama utashtakiwa au la, sijui, na asikudanganye mtu kwamba anajua. Kwa sababu hiyo, kabla hujafungua mdomo kwa yeyote, tafuta wakili wako wewe. Natilia mkazo neno wako. Wakili wa ndugu yako anamtumikia ndugu yako. Akikusikiliza atawaza jinsi ya kumwokoa mteja wake, na ndivyo inavyompasa. Wewe unahitaji mtu anayewaza juu yako na watoto wako watatu. Kama huna fedha, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna watoa huduma waliosajiliwa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikisaidia watu bure tangu miaka ya tisini. Nenda na daftari, si na mama, si na mume. Nenda peke yako.

Unaweza pia kunyamaza, ukaacha rufaa iende na kumbukumbu zilizopo. Sitakuita mwoga ukichagua hivyo. Wapo watakaokwambia kwamba mama wa watoto watatu hana haki ya kujitupa jela. Lakini jiulize kimya hicho utakaa nacho vipi ikiwa rufaa itatupwa na majaji wakirudia yale maneno, dada wa damu hana sababu ya kusingizia. Baada ya hapo mlango unakuwa mwembamba sana. Mahakama ya Rufani inaweza kuombwa ipitie upya hukumu yake, ila kwa sababu chache mno, na kusema "nimekumbuka vizuri" sidhani kama ni mojawapo.

Umeandika kwamba hujui kama aliua. Nadhani hapa ndipo penye kidonda chenyewe, kuliko hata kwenye kiapo. Unatafuta kwanza uhakika, ili ujue kama uongo wako ulimfunga asiye na hatia au ulimfunga mwuaji. Kama ni mwuaji, basi uongo ule unapungua uzito; kama siye, unakuponda. Lakini je, swali hilo uliulizwa wewe? Uliulizwa uliona nini. Kuamua kama aliua ilikuwa kazi ya jaji, na kazi hiyo alipaswa kuifanya akiwa na kikohozi mkononi, si mtu anayenawa kwenye mwanga wa mbalamwezi. Huenda angefikia uamuzi ule ule, huenda asingefikia. Hata Mama Neema, nadhani, alistahili hukumu iliyosimama juu ya kitu kigumu, ambayo haiwezi kuja kubomolewa miaka mitatu baadaye.

Juu yake naomba uende taratibu. Najua unatamani kumwangukia miguuni umwambie. Usifanye hivyo kabla ya kuonana na wakili wako. Rufaa ikiwa njiani, mazungumzo yako na mjane wa marehemu yanaweza kusomwa vibaya na pande zote mbili. Na fikiri pia kama unamwambia kwa ajili yake au kwa ajili ya kupumua wewe. Yeye amezika mume na analea mtoto. Akisikia, urafiki wenu huenda ukaisha siku hiyo, na dawati la watoto likawa la vita. Ila asikie kutoka kinywani mwako, wakati wake ukifika, kuliko kusikia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ukoo wanaokutishia misiba, waache kwa sasa. Watu wenye hofu husema maneno mazito. Mama yako ndiye wa kuketi naye. Mwambie: mama, sitaapa kwamba nilitishwa, kwa sababu sikutishwa. Kisha uvumilie atakavyolia. Kama utamwambia pia lile la kikohozi, lisubirishe hadi umeonana na wakili, maana mama hataweza kulifunga ndani hata usiku mmoja.

Na gerezani? Umepewa ujumbe wa maneno machache sana: aje tu, hata tusipoongea. Nimekaa nayo muda mrefu. Hakusema aje anieleze, hakusema aape. Ukienda, usizungumzie ushahidi hata kidogo. Chumba cha wageni kina masikio, na wakili wake hatafurahi. Lakini kuna mengine ya kuongea: kifua chake kikoje wakati huu wa mvua, mama anakula, mtoto wako wa mwisho ameanza kuota meno ya mbele. Hatua hiyo haihitaji wakili wala haimtaki mtu akuruhusu. Sikwambii uende. Nakuuliza tu ni nini hasa kimekuzuia miaka yote hii, hofu ya kwamba atakulaumu, au hofu ya kwamba hatakulaumu?

Kwa wiki hii nakupa kazi moja. Chukua daftari la mahesabu ya dagaa, ukurasa wa nyuma. Andika usiku ule tangu umeme ulipokatika hadi kilio cha asubuhi. Kila ulichokisikia kiandike "nilisikia". Kila ulichodhani kiandike "nilidhani". Usiandike "niliona" mahali popote ambapo macho yako hayakufika. Usimwonyeshe mtu. Likunje, ulibebe siku utakayoingia ofisini kwa wakili, kisha uniandikie tena, hata kama bado hujaamua chochote.

Shangazi yako